4h20 kwenye fishi: kisa cha muuguzi wa Lubumbashi na saa aliyoiandika mwenyewe

Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari minne. Juu tarehe, chini muhuri wa kliniki uliokolea wino upande mmoja tu, na katikati maneno ambayo kila mfanyakazi wa Kongo anayajua hata kama Kifaransa chake ni cha kuungaunga: Demande d'explication. Dada huyu alipewa saa 48 aeleze kwa maandishi kwa nini mtoto wa kitanda namba 6, aliyepaswa kuchomwa artesunate (dawa ya malaria kali) saa saba usiku, alichomwa saa kumi na dakika ishirini.

Alinipigia simu jioni ile ile, sauti imemkauka. "Yaya, niandike nini sasa? Njo vile ilikuwa."

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Ile 4h20 hakuna aliyemfuma nayo. Aliiandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye fishi, karatasi ya matibabu ya mgonjwa. Angeweza kuandika 1h00 na dunia ikaendelea, na nimefanya kazi hii miaka ya kutosha kujua ni fishi ngapi za usiku zina saa za kupendeza namna hiyo. Kisa hiki ninakisimulia kwa ruhusa yake. Mambo madogo nimeyabadilisha asijulikane, na kliniki sitaitaja.

Tuanze na usiku wenyewe, maana faili zima limesimama juu yake.

Ni kliniki ya mtu binafsi, upande wa Kampemba. Dada ni muuguzi wa A1, yaani wa ngazi ya chuo cha juu, ametoka ISTM, chuo cha mambo ya tiba, ana miaka saba na miezi kadhaa pale. Garde (zamu ya usiku) inaanza saa kumi na moja jioni na kuisha saa moja asubuhi. Usiku ule kulikuwa na wagonjwa 17, muuguzi mmoja, mkunga mmoja upande wa maternité (wodi ya wazazi), na kijana mmoja wa usafi ambaye pia ndiye mlinzi wa jenereta. Saa tano umeme wa SNEL ukakatika. Jenereta likawashwa, likakohoa mpaka saa sita na ushei, mafuta yakaisha. Kuanzia hapo kazi ikawa ya tochi ya simu, na kwa kuwa mikono miwili haitoshi kushika tochi na kutafuta mshipa, simu unaibana kwa meno. Kila muuguzi wa garde mjini hapa anajua ladha ya kava ya simu yake.

Saa sita na nusu mkunga akapiga kelele. Mtoto ametoka, halii. Wakamsaidia wawili, mmoja anabana puto la kupumulia, mwingine anamsugua mgongo, mpaka akalia. Dada anasema hakuangalia saa. Aliporudi wodini akakuta mzee wa pumu amekaa ukingoni mwa kitanda, midomo imebadilika rangi. Akamshughulikia. Kisha mgonjwa mpya akaletwa kwa pikipiki, akamfungulia fishi, akamtundikia serum. Alipofika kitanda namba 6, mtoto alikuwa amelala, homa ipo lakini si kali. Akachanganya dawa, akamchoma, akaandika 4h20. Mtoto alipona, akatoka siku ya tatu akitembea. Hilo lisemwe mapema kwa sababu katika barua zote za kliniki halikutajwa hata mara moja.

Artesunate ya mshipa hutolewa mwanzo, kisha baada ya saa 12, kisha saa 24. Kuchelewa saa tatu na dakika ishirini ni kosa la huduma, na sitaki msomaji muuguzi aondoke akidhani ninalifuta. Malaria kali haisubiri foleni. Swali la kisa hiki ni jingine: kosa hilo ni la nani, na adhabu yake ipite njia gani?

Mjomba wa mtoto alikuwa mtu wa sauti nzito. Aliisoma fishi (nani alimpa, sijui mpaka leo), akaenda kwa mkurugenzi Jumatatu asubuhi. Jumanne demande ikatoka.

Majibu ya demande ndiyo mahali watu wengi wanapojizika. Rasimu ya kwanza ya dada ilikuwa nusu ukurasa wa machozi: anaomba radhi kwa "uzembe" wake, anamwomba Baba Mkurugenzi amwonee huruma kama mzazi. Nikamwambia neno uzembe alifute. Huo ndio ungamo waliokuwa wanaulizia, na ukishalitia saini hakuna wakili atakayekutoa humo. Rasimu ya pili ikawa kinyume chake, hasira tupu. Jenereta, mshahara, mkurugenzi na gari lake jipya. Nayo tukaichana. Ya tatu ilikuwa orodha ya saa. Saa tano umeme ulikatika. Saa sita na ushei jenereta lilizima. Saa sita na nusu niliitwa maternité. Na kuendelea, mpaka 4h20, bila neno moja la sifa wala la kulia, na mwishoni sentensi moja: nilikuwa muuguzi peke yangu kwa wagonjwa 17.

Kila saa aliyoiandika ilikuwa na ndugu yake kwenye kitabu fulani pale kliniki: rejista ya maternité, rejista ya kupokea wagonjwa, daftari la garde. Nilimwomba apige picha kurasa hizo. Alifanya jambo ambalo mimi sikulifikiria. Aliweka rula juu ya safu ya majina kabla ya kupiga, picha ikabaki na saa na namba za vitanda tu. Siri ya mgonjwa haikomi kwa sababu wewe umeonewa. Mtu aliyetunza siri namna hiyo huku mikono inamtetemeka, kwangu mimi ni vigumu kumwita mzembe.

Barua aliipeleka kwa sekretari na nakala ya pili. Sekretari akakataa kutia saini ya kupokea, eti hana ruhusa. Dada akakaa kwenye benchi. Akakaa mpaka saa sita mchana, mpaka yule mama akachoka kumwona, akachora herufi zake mbili na saa. Herufi hizo mbili zilikuja kuwa na thamani kuliko hotuba zangu zote.

Baada ya hapo kikaja kipindi cha ukimya, ambacho ndicho kibaya zaidi. Aliambiwa kwa mdomo, mlangoni: "Enda kwanza ku nyumba, utulie, tutakuita." Hakuna karatasi ya kumsimamisha. Wiki ya pili surveillant (msimamizi wa wauguzi) akampigia, kwa sauti ya dada kwa dada: "Weye uandike tu démission, tutakupa attestation ya muzuri, utapata kazi pengine." Alikaribia kuandika. Alikuwa ameshanunua karatasi. Mtu aliyechoka huwa tayari kusaini chochote ili kimya kiishe, na wanaotoa ushauri wa aina hiyo wanalijua vizuri. Ukijiuzulu mwenyewe, deni la préavis (notisi ya kuvunja kazi) linageuka: wewe ndiye unayetakiwa kuitoa, na wa kumshtaki humwoni tena.

Hakuandika. Siku ya 24 ya kazi tangu mjomba alalamike, barua ikaja: anafukuzwa kwa faute lourde (kosa zito), "kupoteza imani", bila préavis, aje achukue siku zake alizofanya.

Hapa sheria inaanza kusema. Nitaieleza kama nilivyomweleza yeye, jikoni kwake, bukari (ugali) ikipoa mezani.

Code du travail (sheria ya kazi) ya Kongo ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ikarekebishwa kwa sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Inawahusu wafanyakazi wa kontra (mkataba), yaani wa kliniki binafsi kama huyu. Muuguzi aliyesajiliwa na Serikali kama agent wa kudumu ana sheria yake nyingine, asichukue hesabu za hapa akazipeleka kule.

Mkurugenzi alianza kwa kusema dada hana kontra. Kweli, alikuwa na karatasi moja tu ya mwaka wa kwanza, kontra ya mwaka mmoja, na baada ya hapo aliendelea kuja kazini kila siku bila karatasi nyingine. Watu wengi wakiambiwa hivyo huinamisha kichwa. Sheria inasema kinyume: kifungu cha 44 kinataka kontra iandikwe, na pasipo maandishi inahesabiwa kuwa ni ya muda usio na mwisho mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo "hauna kontra" ina maana una kontra nzuri kuliko uliyokuwa nayo. Alicheka kwa mara ya kwanza baada ya mwezi.

Kontra ya namna hiyo mwajiri haivunji bila sababu ya haki, inayohusu uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, au mahitaji ya kazi. Hicho ni kifungu cha 62. Na barua lazima itaje sababu. "Kupoteza imani" ni hisia ya mkurugenzi. Imani ilipotea kwa kitendo gani, cha tarehe gani, barua haikusema.

Lakini pigo lenyewe liko kwenye kifungu cha 72. Anayetaka kuvunja kontra kwa faute lourde ana siku 15 za kazi tangu ajue jambo, awe ameshaandika na kukabidhi. Akihitaji kuchunguza, anaweza kumsimamisha mfanyakazi, ila kwa maandishi, ndani ya siku mbili za kazi. Mkurugenzi alijua Jumatatu. Tunajuaje? Kwa sababu demande yake ya Jumanne inasema "kufuatia malalamiko tuliyopokea jana". Alijiandikia ushahidi mwenyewe. Kutoka pale mpaka barua ya kufukuza ni siku 24, na katikati hakuna karatasi hata moja ya kusimamisha. Kosa zito haliwezi kuwa zito mno kumweka mtu kazini saa moja zaidi, na papo hapo likawa jepesi kiasi cha kukaa mezani wiki nne.

Préavis sasa. Kifungu cha 64: siku 14 za kazi, na siku 7 kwa kila mwaka kamili. Miaka saba ni siku 49, jumla 63. Mshahara wake ulikuwa dola 180, ambazo kliniki iliziandika 110 za mshahara na 70 za "prime" (marupurupu), na bila shaka wakataka kupiga hesabu kwa 110. Prime ni sehemu ya malipo kwa sheria hiyo hiyo. Kwa siku 26 za kazi kwa mwezi, siku 63 zinatoa dola 436. Likizo hakuwa amepewa miaka miwili: siku moja kwa kila mwezi kamili, na kwa kuwa amepita miaka mitano inaongezeka siku moja kwa mwaka, hivyo 26, yaani dola 180 nyingine.

Watu hupenda sana kusikia kuhusu miezi 36. Ndiyo, kifungu cha 63 kinasema aliyefukuzwa bila haki arudishwe, na asiporudishwa alipwe fidia, isizidi miezi 36 ya malipo ya mwisho. Kwake ingekuwa dola 6,480. Hicho ni kilele cha mlima, na mahakama inapima aina ya kazi, umri na miaka ya utumishi kabla ya kusema unafika mpaka wapi. Nimeona watu wakikopa kwa kutegemea miezi 36.

Kabla ya Tribunal du travail (mahakama ya kazi) ni lazima upite kwa Inspekta wa Kazi kwa usuluhishi. Kesi isiyopita huko haipokelewi. Mwito wa kwanza kliniki haikuja. Wa pili mkurugenzi alikuja na wakili kijana, mwerevu, suti imepigwa pasi vizuri. Na hapo ndipo tulipopata aibu yetu.

Dada alieleza uchovu. Garde nne kwa wiki, za saa 14, ni saa 56, wakati sheria inasema 45 kwa wiki. Hospitali haifungwi usiku, ndiyo maana kuna mizunguko, lakini saa zinazozidi zinalipwa kama za ziada. Akaeleza alivyomwomba surveillant mtu wa pili wiki tatu kabla ya usiku ule. Wakili akauliza kwa upole: "Uliomba lini? Iko wapi barua?"

Kimya. Aliomba kwa mdomo, koridoni. Jibu lilikuwa "tutaona".

Nilimtazama na nikajua ni kosa langu pia. Miaka yote ninawafundisha wauguzi kujibu demande, sijawahi kuwafundisha kuomba msaada kwa maandishi kabla demande haijaja. Kwa muda mrefu dada alikuwa na dalili ambazo mtu wa kazi hii angezitambua kwa mwingine: kuhesabu dozi mara tatu na bado kutoamini, kupitishwa kituo chake na basi, kumfokea mtoto wake kwa kijiko kilichoanguka, kuwachukia wagonjwa kabla hajawafikia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliyaweka mambo haya pamoja kama hali inayotokana na kazi: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufai. Yeye aliona ni dhambi. Kwenye maombi aliambiwa kuna roho ya uchovu ndani ya ukoo. Mume akasema apunguze WhatsApp. Kwa mkurugenzi hakusema kwa sababu muuguzi anayesema amechoka anapewa jina la mvivu kabla ya jioni. Kwa hiyo uchovu wake ulijulikana na kila mtu isipokuwa faili. Na Inspekta anasoma faili.

Kilichotuokoa ni ile WhatsApp yenyewe. Ratiba ya garde hubandikwa ukutani na kubanduliwa kila mwisho wa mwezi, lakini surveillant alikuwa na tabia ya kuipiga picha na kuituma kwenye kundi la wafanyakazi. Dada alikuwa hafuti picha. Tukapata miezi 11, jina lake, usiku wake, jina moja tu kwenye kila mstari. Wakili kijana akaomba dakika kumi za kuzungumza na mteja wake nje. Nadhani hapo ndipo alipoambiwa ukweli kwa mara ya kwanza.

Ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, nitayapita haraka, ingawa yananiuma: kila mwezi walimkata asilimia 5 yake, na alipokwenda kuuliza akakuta michango ya miaka miwili tu ya mwanzo.

Inspekta aliuliza kama kliniki iko tayari kumrudisha. Mkurugenzi akatazama dari. Dada akajibu kabla yake: "Hapana, Inspekta. Pale siwezi tena kuingia usiku." Sikutegemea. Tulikuwa tumekubaliana adai kurudishwa ili tupate nguvu ya kudai fidia. Lakini aliyatamka kwa utulivu wa mtu ambaye hatimaye amejiuliza mwenyewe.

Wakasaini PV (hati) ya maelewano: dola 436 za préavis, 180 za likizo, 300 kwa saa za ziada za mwaka mmoja wa mwisho (madai ya mshahara hufa baada ya mwaka, na yale mengine ya kontra baada ya miaka mitatu, wengi wanachanganya hapo), cheti cha kazi bila neno faute, na ahadi ya kulipia CNSS. Jumla dola 916, kwa awamu tatu. Fidia ya kufukuzwa bila haki aliiacha.

Nilikasirika. Mimi nilitaka twende mahakamani; tarehe peke yake zilitosha kumshinda yule wakili. Dada akanikumbusha kwamba watoto wanaanza shule Septemba na kwamba kesi inakula miezi ambayo mimi nitalala kwangu na yeye atakuwa anaihesabu. Alikuwa ameshaanza kulala tena, kidogo kidogo. Mkunga wa usiku ule, mama wa watu mwenye miaka zaidi ya hamsini, ndiye aliyekuwa akija kumchukua asubuhi watembee mpaka sokoni na kurudi, bila kumuuliza lolote kuhusu kesi. Sijui dawa gani ya mfadhaiko ningempa iliyo bora kuliko ile. Bado ninaona alichukua kidogo. Ila haki ilikuwa yake, na kuipima bei yake pia ilikuwa haki yake.

Sasa yuko kituo cha afya kidogo upande wa Ruashi, mshahara mdogo zaidi, wawili kila usiku. Kila anapopokea garde, kabla ya kugusa mgonjwa, anaandika juu ya ukurasa: saa, idadi ya vitanda vyenye watu, majina ya waliopo kazini, umeme upo au haupo. Wenzake walimcheka wiki ya kwanza.

Awamu mbili zimelipwa. Ya tatu ilipochelewa siku nne kliniki ikampigia simu, naye akadhani ndiyo hela zenyewe. Ilikuwa surveillant. Walikuwa wanatafuta ufunguo wa akiba wa kabati la dawa, hakuna anayejua alikuwa anauweka wapi. Akawaambia: nyuma ya friji ya chanjo, umening'inia kwenye msumari. Kisha akauliza kuhusu ile awamu ya tatu.